Kateni Tradeskantia Zenu

Kuna picha moja wapenda maua hawachoki kuonyeshana: tradeskantia, ua la kutambaa la chunguni, imetundikwa juu, mikia yake imeteremka mpaka karibu na sakafu, na mwenyewe kasimama pembeni anatabasamu kama mzazi siku ya mahafali. Nikiiona picha hiyo huwa nina ombi moja tu. Hebu tuonyesheni juu ya chungu.

Maana huko juu ndiko kwenye aibu. Mara nyingi utakuta vijiti vitatu vinne vya rangi ya udongo, majani makavu yameng'ang'ania vifundo, yaani viungo vya shina panapotokea majani, kama karatasi kuukuu, na katikati upara mtupu. Urembo wote umehamia chini. Nayajua haya kwa sababu yangu ilikuwa hivyo hivyo kwa karibu miaka miwili na sikuthubutu kuigusa. Nilikuwa hata naupima urefu wake kwa futi kamba ya cherehani. Siku moja nikavuta mkia mmoja niuweke sawa, nikabaki nao mkononi mzima mzima. Shingo yake ilishaoza zamani, na ule urefu niliokuwa naringia ulikuwa unaishi kwa akiba ya maji iliyobaki ndani ya shina.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa mkasi, na sioni haya kusema kwamba mmea huu unaharibiwa zaidi na huruma kuliko na wadudu.

Ninayemsema hapa ni yule wa milia, Tradescantia zebrina, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Jina la kwanza linawakumbuka akina John Tradescant, baba na mwana, watunza bustani wa Uingereza wa karne ya 17. La pili ni punda milia, na ukilitazama jani huhitaji maelezo mengine.

Sababu ya upara ni hii. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka kwenye shina na kuyazuia macho, yaani machipukizi yaliyolala kwenye vifundo vya nyuma, yasichipue. Mmea wa kutambaa ukiachiwa basi huenda mbele tu, na nyuma hakuna anayezaliwa kuziba pengo la majani yanayozeeka. Ukiikata ncha, kizuizi kimeondoka. Baada ya siku chache chungulia kwapani mwa jani, palepale linapokumbatia shina: utaona kitone chenye wekundu wa zambarau kikichomoza, kigumu na chenye ncha. Hilo ndilo tawi jipya. Mimi hukata juu kidogo ya kifundo na kuacha kama shibiri moja. Ndiyo, shibiri. Roho inauma mara ya kwanza, halafu inazoea.

Vile vipande usivitupe. Chagua sita au saba vyenye afya, ondoa jani la chini, chomeka vifundo kwenye udongo wenye unyevu wa chungu kilekile, hasa pale penye upara. Wengi hupenda kuviweka kwanza kwenye glasi ya maji, na kwa hakika inapendeza kuona mizizi myeupe ikitoka kifundoni ndani ya wiki moja hivi. Lakini si lazima. Kifundo kikigusa unyevu kinajua kazi yake.

Lawama nyingine ninayoisikia ni kwamba "milia imepotea". Ile fedha si rangi iliyopakwa. Ni vinafasi vya hewa chini ya ngozi ya jani vinavyorudisha mwanga. Mmea ukikaa gizani, majani mapya huja ya kijani na yenye kuachana, ukiuweka kwenye jua kali la mchana huungua. Sogeza chungu kwenye mwanga mwingi usio wa moja kwa moja kabla hujaanza kununua dawa. Na maji, tafadhali, yawe ya kiasi. Shina lenyewe ni mtungi. Tumbukiza kidole, na kama udongo bado una unyevu, weka ndoo chini.

Ninapotofautiana na wenzangu wengi ni kuhusu kuupanda ardhini ufunike bustani. Ni kweli unafunika haraka, na hapo ndipo penye tatizo. Kila kipande kinachodondoka kinaota. Ndugu yake, Tradescantia fluminensis kutoka Amerika ya Kusini, ameyatandaza majani yake kwenye sakafu za misitu ya Nyuzilandi kiasi kwamba miche ya miti ya asili inashindwa kupenya. Kwa hiyo mabaki ya mkasi hayarushwi nyuma ya ua wala kando ya kijito. Yakaushwe hadi yafe kabisa. Utomvu wake pia huwasha baadhi ya watu, na mbwa anayelala juu yake anaweza kuishia kujikuna tumbo, basi vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi.

Kwa wenye majira ya baridi, usiku mmoja wa jalidi unatosha kuugeuza mmea wote uji. Watu huhangaika kubeba vyungu vizito kuviingiza ndani. Sioni haja. Glasi moja ya vipande dirishani, iliyowahi kabla ya baridi, ni bustani yote ya mwaka ujao.

Yangu ya sasa haifiki hata nusu mita. Juu imejaa mpaka udongo hauonekani, isipokuwa upande mmoja ambako kuna tawi limeanza kujifanya refu. Keshokutwa nitalishughulikia.