Miundo ya Data Si Mtihani wa Usaili

Anayeanza kujifunza kuandika programu hakawii kupata ushauri wa aina mbili usiopatana. Wapo wanaomwambia aachane kwa sasa na miundo ya data, yaani namna za kupanga data ndani ya programu: ajenge tovuti, ajenge programu ndogo ya simu, aone kitu kinafanya kazi, hayo mengine atayakuta mbele ya safari. Wapo wanaomwambia asiguse fremuweki yoyote (kiunzi kilicho tayari cha kujengea programu) kabla hajajua safu, orodha, staki, foleni, miti na majedwali ya hashi, yanayokokotoa mahali kitu kilipo badala ya kupitia vyote. Siku hizi kundi la kwanza ndilo lenye sauti kubwa, na lina hoja. Kundi la pili linasikika kama walimu wakali wanaotetea mtaala waliosomeshwa wao, na naona hapo ndipo linapoonewa.

Hoja za kundi la kwanza si za kupuuzwa. Lugha za leo huja na miundo hii tayari. Anayeandika kwa lugha ya Python ana orodha, kamusi (jozi za jina na thamani) na seti (mkusanyiko usiorudia kitu) kabla hajasakinisha chochote. Akitaka kupanga data anaita funksheni moja tu, na nyuma yake ipo kazi aliyoianza Tim Peters mwaka 2002 na ambayo wengine wameinoa tangu hapo. Kuiandika upya kwa mkono ni kujitafutia makosa, na makosa hayo hayachagui mtu. Utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu, yaani kukata data iliyopangwa katikati tena na tena, uliomo kwenye maktaba ya lugha ya Java ulikaa na kasoro kwa takriban miaka tisa, hadi Joshua Bloch, aliyeuandika mwenyewe, alipoieleza hadharani mwaka 2006. Kasoro ilikuwa kwenye mstari mmoja wa kutafuta nafasi ya katikati: namba mbili kubwa zikijumlishwa kabla ya kugawanywa kwa mbili, jumla hupita kikomo cha namba kamili na kugeuka hasi. Ikiwa bingwa aliteleza hapo, anayeanza aandike vya kwake kwa faida gani?

Halafu kuna usaili. Mwaka 2015 Max Howell, mwanzilishi wa Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu alishindwa kugeuza mti wa matawi mawili (muundo ambao kila kipengele huzaa visivyozidi viwili) ubaoni, ilhali wahandisi wengi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakitumia programu yake. Malalamiko hayo yalienea kwa sababu yaligusa kidonda cha wengi. Kwa watu wengi miundo ya data imekuwa jina jingine la mafumbo ya usaili, kitu cha kukariri kabla ya kuomba kazi na kusahau baada ya kuipata.

Ipo hoja ya tatu, ambayo husemwa kwa nadra ingawa kwangu ndiyo nzito kuliko zote: somo lenyewe mara nyingi huanzia pabaya. Orodha mnyororo, ambayo kila kifundo (kipengele) chake huonyesha kilipo kinachofuata, na iliyobuniwa na Newell, Shaw na Simon miaka ya 1955 na 1956, bado ndiyo mlango wa kuingilia katika mitaala mingi. Mwanafunzi huambiwa kuwa inaishinda safu pale unapotaka kuingiza kitu katikati. Kwenye mashine za leo mara nyingi sivyo. Prosesa huvuta kumbukumbu kwa vipande vinavyofuatana, hivyo safu ambayo vipengele vyake vimekaa bega kwa bega hupitiwa upesi, wakati vifundo vya orodha mnyororo vilivyotawanyika huilazimisha kusubiri kila mara. Bjarne Stroustrup, aliyeiunda C++, amelionyesha jambo hili waziwazi. Mwanafunzi anayeingilia mlango huo, tena kwa lugha ya C, hupambana na vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, siku nyingi na kutoka akidhani vielekezi ndivyo miundo ya data. Wengi hufia njiani, na wana haki ya kukasirika.

Nayakubali yote hayo. Lakini tazama yanapinga nini hasa. Yanapinga kuunda upya kilichokwisha kuundwa, yanapinga kukariri, yanapinga kuanza na mada isiyofaa. Suala la kuchagua halijaguswa. Python ikikupa orodha, kamusi na seti, haikuambii lini uchukue hii na uache ile. Kinyume chake, kadiri lugha inavyokurahisishia kuviita vyote kwa mstari mmoja, ndivyo inavyokuficha kwamba mstari mmoja una kazi ndogo nyuma yake na mwingine una kazi kubwa mno. Ukiuliza kama kitu kimo ndani ya orodha, Python hupitia kipengele kimoja baada ya kingine mpaka ikipate au orodha iishe. Ukiuliza swali hilo hilo kwa seti, kwa kawaida huenda moja kwa moja panapohusika. Msimbo wa maswali hayo mawili unafanana herufi kwa herufi.

Hapo ndipo ushauri wa "utajifunza ukikutana na tatizo" unaponitia wasiwasi. Unafaa kwa mambo mengi. Usipojua kufungua faili, programu itakataa na utapata ujumbe wa kosa, kisha utakwenda kutafuta. Lakini aliyechagua muundo usiofaa hapati ujumbe wowote. Programu yake inatoa jibu sahihi. Majaribio yake yote yanapita, kwa kuwa anajaribu kwa mistari ishirini ya data. Siku data inapokuwa nyingi anaona uzito tu, na uzito hauna jina. Atalaumu intaneti, atailaumu lugha, atalipia seva kubwa zaidi. Mtu hawezi kutafuta dawa ya ugonjwa asioujua kuwa ni ugonjwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchezo wa Grand Theft Auto Online, uliofunguliwa mwaka 2013. Kwa miaka mingi wachezaji walilalamika kwamba unachukua dakika nyingi kufunguka. Mwaka 2021 mwanaprogramu mmoja wa nje, asiye na msimbo asilia, aliamua kuchunguza kompyuta yake ilikuwa inafanya nini katika dakika hizo. Alikuta faili la maandishi la kama megabaiti 10, lenye orodha ya vitu vya kununua ndani ya mchezo, vipatavyo 63,000. Kulikuwa na makosa mawili. La kwanza lilikuwa kwenye usomaji wa faili: kila thamani iliposomwa, programu ilipima upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. La pili ndilo linalotuhusu. Kabla ya kuongeza kitu kwenye safu, programu ilikilinganisha na vitu vyote vilivyokwisha kuingia, ili kuhakikisha hakijirudii.

Piga hesabu ya kosa hilo la pili. Vitu vikiwa 10, ulinganishaji haufiki hata mara 60. Vikiwa 1,000, unakaribia nusu milioni, na kompyuta ya leo hata haishtuki. Vikiwa 63,000, unakaribia bilioni mbili. Kutoka 1,000 hadi 63,000 data imeongezeka mara 63, lakini kazi imeongezeka karibu mara 4,000. Na vitu vyenyewe havikuwa vinajirudia hata kidogo, kwa hiyo bilioni mbili hizo zote zilikuwa za kupata jibu lile lile: hapana, hakimo. Jedwali la hashi lingeuliza mara 63,000 tu, mara moja kwa kila kitu. Mchunguzi yule alirekebisha makosa yote mawili, na kwenye mashine yake muda wa kufungua ukashuka kutoka kama dakika 6 hadi chini ya 2. Rockstar Games, wenye mchezo huo, walikubali uchunguzi wake, wakamlipa dola 10,000, na Machi 2021 wakatoa sasisho.

Kampuni ile haikukosa wahandisi, wala jedwali la hashi si siri. Hans Peter Luhn wa IBM alishaandika wazo hilo mwaka 1953. Mstari wa ulinganishaji ulikuwa sahihi kwa kila kipimo cha usahihi, ndiyo maana haukumsumbua mtu. Kuuona kulihitaji mtu mwenye mazoea ya kujiuliza: data ikiongezeka maradufu, kazi itaongezekaje?

Swali hilo moja ndilo ningependa anayeanza aondoke nalo, na halihitaji alama za hisabati zinazowatisha watu. Kutafuta kwenye jedwali la hashi, kwa kawaida kazi inabaki ile ile. Kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu kwenye safu iliyopangwa, inaongezeka hatua moja tu, na ndiyo sababu vitu milioni moja huhitaji hatua 20 na bilioni moja huhitaji 30. Kupitia orodha kimoja kimoja, kazi inaongezeka maradufu. Kitanzi ndani ya kitanzi, inaongezeka mara nne. Aliyeyaelewa hayo manne ana jicho ambalo wengi walioajiriwa miaka mingi hawana.

Kuna faida nyingine isiyohusu kasi. Muundo unaofaa hupunguza msimbo wenyewe. Mpe anayeanza zoezi la kukagua kama mabano yamefungwa sawasawa. Atahesabu ya kufungua na ya kufunga, na akikuta idadi zinalingana atasema ni sawa. Mpe "([)]" na hesabu yake itampotosha: idadi zinalingana, lakini mabano yamepishana. Ataongeza sharti, kisha sharti juu ya sharti. Akiijua staki, ambamo kilichoingia mwisho hutoka kwanza, zoezi zima linaisha kwa mistari michache. Bano la kufungua liingize. Ukikuta la kufunga, toa la juu uone kama ni jozi yake. Mwishoni staki iwe tupu. Siyo kwamba amekuwa na akili zaidi ya jana, ila umbo la tatizo na umbo la data vimekutana.

Zana za akili unde zinazoandika msimbo hazibadilishi hili, labda zinalizidisha. Zitakupa kinachofanya kazi kwa mfano uliozipa. Uamuzi kama kitafaa kwa data ya kweli unabaki kwa anayeijua data hiyo.

Kwa hiyo nipo na kundi la pili, kwa masharti. Mtu aanze na vitanzi, masharti na funksheni, kisha amalize programu moja ndogo ya kwake, hata ikiwa mbovu, kwa sababu bila hiyo hana cha kuuliza. Kisha ashike orodha, kamusi na seti zilizomo kwenye lugha yake, na kwa kila moja ajue inafanya nini kwa bei rahisi na nini kwa bei ghali. Asikisie, apime: ajaze orodha vitu laki moja, atoe cha kwanza mara nyingi, ajionee jinsi Python inavyosogeza vyote vilivyobaki kila mara, kisha arudie kwa deque, foleni ya Python inayotoa upesi pande zote mbili, na alinganishe muda. Staki na foleni zifuate hapo. Mti uje atakapotaka kupitia folda zilizo ndani ya folda, kwani hapo ndipo funksheni inayojiita yenyewe inapoeleweka bila mateso. Orodha mnyororo aiandike mara moja ili aelewe marejeo (kitu kimoja kuelekeza kwenye kingine), kisha aendelee na mengine. Miti inayojisawazisha yenyewe ili isirefuke upande mmoja, kama ule wa AVL wa mwaka 1962, inaweza kusubiri hadi siku atakapotaka kujua kwa nini faharasa ya hifadhidata hupata rekodi moja kati ya mamilioni bila kuzisoma zote.