Na mwenzi naye aitwe ndani
Makala niliyosoma inasema tiba ya kukubali hali, aina ya tiba ya kisaikolojia ya mazungumzo iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Steven Hayes wa Marekani miaka ya 1980, inawasaidia wanandoa wanaoishi na kisukari kuzungumza vizuri. Naunga mkono kabisa. Mume wangu ana kisukari, na hapa kwetu Mbagala ugomvi huanzia kwenye sahani: nikipunguza wali, yeye anaona namnyanyasa. Kukubali si kukata tamaa (wengi wanachanganya hapo). Ni kuacha hofu iwepo na kuitaja, useme "baba, naogopa utakuja kukatwa mguu" badala ya "wewe husikii". Hapo mtu anasikiliza. Kliniki tunayokwenda wanampima sukari, wanampa dawa, mimi nabaki kwenye benchi nje. Jamani madaktari, tuiteni na sisi ndani, hata dakika 10 tu.