Van Damme, Viti Viwili na Mimi

Shemeji yangu ni mstaarabu kwa kila jambo isipokuwa moja. Mwambie kwamba, kati ya wale mastaa wa filamu za mapigano, Sylvester Stallone angempiga Arnold Schwarzenegger, utamwona anavua miwani. Anaiweka mezani taratibu, anavuta pumzi, halafu anakushushia risala: Arnold alitwaa taji la watunisha misuli la Mr. Olympia mara 7, Arnold alitoka Austria na Kiingereza cha kuokoteza akaishia kuwa gavana wa California, Arnold kwenye Commando ya 1985 anaingia kabeba gogo la mti begani. “Gogo, shemeji. Siyo kuni!” Hapo mke wangu, ambaye ni dada yake, huinuka akaenda jikoni hata kama hakuna kinachopikwa.

Mimi ni mtu wa Van Damme, na sijifichi. Stallone namheshimu, maana Rocky ya 1976 aliiandika mwenyewe akiwa hana mbele wala nyuma, na ikabeba Oscar ya filamu bora. Steven Seagal simwelewi. Sijui useme nini juu ya mtu anayevunja mikono ya watu wanane huku nywele zake hazijahama. Lakini Van Damme alikuja na jambo lake. Kijana wa Ubelgiji, kareti na vyuma, na juu ya hayo akasomea baleti, ndiyo, ile ya kunyanyuka kwa ncha za vidole. Bloodsport ilipotoka mwaka 1988 tukaona baleti ilikuwa na faida gani. Wenzake walitisha kwa mizinga. Yeye alitisha kwa kukaa: mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi, na uso umetulia utadhani anasubiri basi.

Siku ya tukio tulikuwa sebuleni, familia zote mbili, na kwenye runinga kuna filamu ya enzi hizo. Kifua wazi, jasho linang'aa, bunduki ya mkanda imeshikwa kwa mkono mmoja. Mwanangu, ambaye yuko katika umri wa kujua kila kitu, akainua macho kutoka kwenye simu.

“Baba, mbona risasi zake haziishi?”

“Ni stelingi.”

“Na wale wote mbona wanamkosa?”

“Hao ni maadui.”

Kwangu maelezo hayo yanajitosheleza. Sisi tulikua nayo. Stelingi hafi, risasi ikimpata inampata begani, na bega la stelingi hupona kwa kufungwa kitambaa alichokichana kwa meno. Mtoto hakuridhika, akaanza kupekua kwenye simu na kutusomea kwa sauti, moja baada ya nyingine, huku sisi wazee tukizidi kuzama kwenye makochi.

Kwamba katika Die Hard ya 1988, Bruce Willis anapokimbia pekupeku, kuna sehemu alizokuwa amevalishwa viatu vya mpira vilivyotengenezwa kwa umbo la nyayo za mtu. Nikanyamaza. Kwamba katika First Blood ya 1982, Rambo ya kwanza kabisa, ile tuliyokuwa tukiapa kwamba aliteketeza mji na watu wake, anayekufa ni mtu mmoja, tena kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. Shemeji akacheka hadi akajifuta machozi. “Mmoja! Arnold huyo mmoja anammaliza kabla hajanawa uso!”

“Na huo msamba wa Van Damme,” mwanangu akasema, hata hanitazami, “itakuwa kompyuta tu.”

Nikamweleza habari za tangazo la malori la mwaka 2013. Malori mawili yanarudi nyuma sambamba, Van Damme kasimama katikati, mguu huku mguu kule, malori yanaachana polepole naye anashuka nayo hadi msamba unakamilika. Miaka 53! Mtoto akapekua. “Alifungwa kamba za usalama.” Kamba hazipanui nyonga, nikamjibu, nikainuka kwenda kuleta viti.

Mke wangu alikuwa ameshatoka jikoni. Yeye katika ukoo wote huo wa mabaunsa anamtambua mmoja tu, Dolph Lundgren, yule Mswidi aliyeigiza bondia wa Kisovieti kwenye Rocky IV, na sababu zake ni za kitaaluma: jamaa ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemia kutoka Chuo Kikuu cha Sydney. Nimeisikia shahada hiyo katika ugomvi mwingi wa nyumba hii. Akatazama viti vya plastiki, akatazama vigae, akatazama soksi zangu.

“Baba watoto, Lundgren angeanza na hesabu ya msuguano.”

Nikapanda. Mguu mmoja kiti hiki, mguu mwingine kiti kile, mikono kifuani, uso wa Ubelgiji. Binti yangu akaelekeza simu yake kwangu. Vitoto vya shemeji vikaacha kugombania mto.

Nusu ya kwanza nilishuka mwenyewe, na niliishuka vizuri, hilo lina ushahidi wa video. Nusu ya pili nilishushwa. Viti viliagana bila kunihusisha, kimoja kikashika njia ya dirishani, kingine ya mlangoni, na mimi juu yao nikawa narefuka upande usiotakiwa kurefuka. Ukasikika mchaniko. Nikaomba iwe suruali peke yake. Ilikuwa suruali, ila haikuwa peke yake.

Kiti cha dirishani kikagota ukutani, cha mlangoni kikagota kwenye kabati, nami nikabaki nimening'inia katikati katika msamba kamili kabisa, ambao hata Brussels wangeukubali.

Sebule nzima ikapiga makofi.

Tatizo lilianzia hapo. Stelingi hapigi kelele. Nilikuwa nimewafundisha hivyo watoto wale wote kwa miaka, kwa hiyo nikakaza taya nikitazama mbele, na kadiri nilivyokaza ndivyo makofi yalivyozidi. “Mbona analia?” kitoto cha mwisho kikauliza. “Hilo ni jasho,” akajibu shemeji, na katika mambo yote aliyowahi kunifanyia, hilo ndilo ninalomshukuru zaidi.

Mtu aliyekwama kwenye msamba hupata wasaa wa kutafakari. Nikawa nawaza: hawa mashujaa wa siku hizi wanaruka mawinguni, wanabomoa miji, wanapigana na viumbe wa sayari nyingine, na sijawahi kusikia mtu mzima ameumia sebuleni akijaribu kubomoa mji. Unawatazama, unafurahi, unaenda kulala. Wale wa zamani walitupa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mwili, au yanayofanana na hivyo. Kupanda ngazi mbio, kwa mfano. Zile ngazi 72 za jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia alizopanda Stallone, mpaka leo watu wenye vitambi wanasafiri kwenda kuzikimbia na kunyoosha mikono juu. Kuning'inia, kuvunja ubao, kupiga teke la kuzunguka, kukaa msamba. Walikuwa wanatokwa na jasho, wanaguna, wanavimba jicho, na Stallone mwenyewe anasimulia kwamba ngumi ya Lundgren wakati wa kupiga Rocky IV ilimlaza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Ukimwona mtu anaumia kweli, unaamini na ushindi wake. Halafu unaanza kuangalia viti vyako vya nyumbani kwa jicho lingine.

Sikuimaliza tafakuri hiyo kwa sababu shemeji alikuwa anavua miwani.

Hoja yake ilikuwa kwamba nisivutwe mikono, maana nitachanika zaidi. Nibebwe kutoka chini, begani, mzigo mmoja. Nikaiona Commando yote machoni mwake. Nikasema, shemeji, naomba sana, leta meza. Akasema, tulia, akainama, akaingiza bega, akanyanyua.

Ukasikika mlio mwingine, safari hii haukutoka kwenye nguo ya mtu.

Yeye hakuweza kunyooka tena, na mimi sikuweza kufunga miguu. Tukatembea hivyohivyo kuelekea kwenye kochi, yeye akitazama vigae, mimi nikitazama dari, miguu yangu ikikusanya kila kilichokuwa njiani: pazia, taa ya mezani, picha ya harusi yetu. Watoto wakatufuata kwa msafara. Binti yangu alizunguka na simu kutafuta pembe nzuri zaidi.

Hospitali, daktari alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu na fomu. Shemeji kalazwa kifudifudi kitanda cha pili.

“Chanzo cha jeraha?”

“Van Damme,” nikasema, maana maumivu yalikuwa yamenimaliza maneno.

Akaandika. “Mnafahamiana naye?”

“Tangu nikiwa mdogo.”

“Na polisi mmeripoti?”

Shemeji akainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto. “Daktari, mimi wangu ni Schwarzenegger.”

Kijana akaweka kalamu chini. “Kwa hiyo walikuwa wawili.”

Nilimtazama mke wangu atuokoe. Alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya pazia, hatukumwona hata sura, tuliona tu mguu wenye plasta. “Hao ni wacheza sinema, mwanangu,” akasema. “Na hao wote wawili Bruce Lee angewakusanya kwa mkono mmoja. Mtu hafiki kilo sabini! Alimpiga Chuck Norris palepale Roma, ndani ya Colosseum, mwaka 1972. Akamnyofoa na manyoya ya kifua akayapuliza!”

“Chuck Norris alikubali kupigwa kwa sababu ya urafiki,” shemeji akamjibu kutoka kwenye mto.

“Urafiki!” Plasta ikapigapiga kitanda.

Nesi aliyekuwa anaandaa sindano hakuingilia mpaka alipokuwa tayari. Akasema kwamba yeye kwa jicho la kazi yake anamjua mwanaume mmoja tu, Jackie Chan, aliyeanguka kutoka mtini huko Yugoslavia wakati wa kurekodi Armour of God, akapasuka fuvu, akatibiwa, akarudi kuimaliza filamu. “Fuvu,” akarudia, akitazama mahali nilipoumia. “Geuka.”

Daktari alitutazama mmoja mmoja, akaokota kalamu yake, na nadhani aliamua kwamba kufuta kungemchukua muda mrefu kuliko kuacha. Karatasi niliyopewa ilisema misuli ya kinena imevutika, mgonjwa apumzike, asinyanyue vitu vizito, na kwenye mstari wa chanzo, kwa mwandiko safi ambao hutarajii kwa daktari: Van Damme.

Karatasi hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kazini.

Mkuu wetu wa kazi ni mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka. Mtu akiomba ruhusa ya msiba huulizwa marehemu alikuwa na uhusiano gani naye, na jibu linaandikwa. Alipopiga simu nilikuwa kitandani na barafu mahali pake, nikajiandaa kwa maelezo.

“Nina karatasi yako hapa,” akasema.

“Ndiyo, mkuu.”

“Msamba wa sakafuni au wa viti?”

Nikafikiri nimesikia vibaya. “Wa viti, mkuu.”

Kimya. Nikasikia anainuka, anafunga mlango, anarudi kukaa. “Vilikuwa na miguu ya mpira?”

“Vya plastiki, mkuu. Juu ya vigae.”

Akaguna kwa uchungu wa mtu anayejua. Akaniambia mapumziko niliyoandikiwa hayatoshi, ataniongezea yeye, na kwamba nikianza kutembea nisipande ngazi kwa pupa. Halafu, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kuulizia misiba, akauliza kama kuna mtu aliyerekodi.

Nikamtumia video. Ilikaa bila jibu kwa muda nikaanza kujuta, ndipo ujumbe ukaingia: “Huyo aliyekubeba ni mtu wa Arnold, sivyo?”