Jumamosi saa 10: siku na saa ya mpira wetu Malindi

Februari, saa 8 na dakika 20 mchana, kiwanja cha shule hapa Malindi, pwani ya Kenya. Mechi ya ligi imeshaanza. Upande mmoja wa kiwanja pana mwarobaini, na watazamaji wote, kama arobaini hivi, wamebanana chini yake. Kivuli kikisogea, nao wanasogea. Ng'ambo hakuna hata mtoto. Beki wa timu ngeni ameganda kwenye mstari wa kivulini na winga wake ameacha kumkimbiza, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kupumua. Mama anayeuza viazi karai langoni ameshamenya viazi, lakini jiko hajaliwasha. Nilipomuuliza akasema, “Mimi nawasha baada ya Alasiri, mwanangu. Saa hizi anayekuja anataka maji.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliangalia jiko lile kila nikienda mpirani. Likiwaka, watu wapo. Halijawahi kuwaka saa 8.

Ratiba ya mechi mbili kwa siku, saa 8 na saa 10, imezoeleka sana katika ligi zetu za chini, na wanaoitetea wana hesabu mkononi. Kiwanja ni kimoja, chokaa inapigwa mara moja, marefa wanaitwa siku moja, gari la kubeba majeruhi linakodiwa mara moja. Timu ya mtaa ambayo jezi zake zinafuliwa nyumbani kwa kocha haina pa kutoa gharama ya siku mbili. Hoja hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mechi ya saa 8 na mechi ya saa 10 ni mechi sawa. Na ukitazama nani hupangiwa saa 8, utakuta ni timu zisizokuwa na mtu wa kuwasemea kwenye kikao, na mara nyingi ni wasichana. Baadaye tunalalamika kwamba mpira wa wanawake hauna mashabiki.

Joto la Februari na Machi hapa linafika nyuzi 31 au 32 kivulini, na kiwanjani hakuna kivuli. Mwaka 2014, kwenye Kombe la Dunia kule Brazil, Uholanzi na Mexico zilicheza Fortaleza, mechi ikaanza saa 7 mchana kwa saa za huko. Refa alilazimika kusimamisha mchezo katika kila kipindi ili wachezaji wanywe maji. Fortaleza ni mji wa pwani ulio karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na sisi tuko nyuzi 3. Jua lao ndilo letu. Wale walikuwa wamelala hotelini, wana madaktari na barafu. Wa kwetu ametoka baharini alfajiri, au ameendesha bodaboda tangu asubuhi.

Basi turudi kwenye saa. Mpira una dakika 90, mapumziko 15, na za majeruhi. Ukianza saa 10 kamili, unakwisha saa 12 kasoro dakika 8 au 10. Jua letu haliyumbi sana kwa mwaka: Novemba linazama mnamo saa 12 na dakika 10, na Februari linakaribia saa 12 na dakika 40. Adhana ya Alasiri nayo huja kati ya saa 9 na dakika 25 hivi na saa 10 kasoro dakika 10. Kwa hiyo kuna nafasi moja tu, baina ya Alasiri na Magharibi, ambamo mpira unaingia mzima, mtu akaswali kabla na akawahi swala baada. Nafasi hiyo ni saa 10. Februari, adhana inapochelewa, anayeswali msikitini na wenzake atakuta mchezo umeshaanza, lakini jua la mwezi huo linaruhusu kuanza saa 10 na robo bila giza kutukuta. Novemba hairuhusu. Refa akichelewa dakika 20 mwezi wa Novemba, kipa anacheza dakika za mwisho akiutafuta mpira kwa macho.

Kuna wanaopendekeza saa 9, na hawakosi hoja. Julai na Agosti, kusi ikivuma, saa 9 inavumilika. Mapumziko yake nayo huangukia karibu na adhana. Lakini sheria za mchezo zinasema mapumziko yasizidi dakika 15, na kukimbilia msikitini, kutawadha, kuswali na kurudi ndani ya muda huo ni kuwabana wachezaji na watazamaji pamoja. Mimi saa 9 naiweka akiba, kwa sababu nitakayoieleza.

Siku ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Wengi nilioongea nao wanataka Jumapili, kwa kuwa ofisi na shule zimefungwa na makanisa yameshatoka kufikia saa 7. Wavuvi wanataka Ijumaa. Ukienda Lamu utawaelewa: Ijumaa wengi wao hawaendi baharini, wanaoga, wanaswali, na baada ya Alasiri wako barazani hawana la kufanya. Kwa mashindano ya kisiwani yenyewe, ya mtaa kwa mtaa, Ijumaa saa 10 naiona siku bora kuliko zote. Kwa ligi inayokutanisha miji haifai, maana mwanafunzi na mwalimu wako shuleni na mfanyakazi wa ofisi hatoki kabla ya saa 11.

Mimi nasimama na Jumamosi. Sababu ya kwanza ni pesa mfukoni. Mafundi na vibarua wengi wa mjengo hulipwa Jumamosi na kuachiwa mchana. Anayeombwa shilingi hamsini ya kiingilio Jumamosi jioni anayo. Jumapili jioni ameshanunua unga, na anafikiria nauli ya Jumatatu. Madrasa za wikendi nazo huwa zimetoa watoto kufikia adhuhuri.

Sababu ya pili ni Ligi Kuu ya Uingereza, mshindani mkubwa kuliko timu yoyote ya hapa. Vibanda vya kuonyeshea mpira vinajaa vijana walewale tunaowataka kiwanjani. Mechi zao nyingi za Jumamosi huanza saa 9 alasiri za kwao. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, kwetu hiyo ni saa 12 jioni. Mpira wetu ulioanza saa 10 unakuwa umekwisha, na shabiki wa Arsenal anatoka kiwanjani anakwenda kibandani bila kukosa kitu ila ile mechi moja ya mapema. Jumapili mechi zao za saa 8 mchana huanza hapa saa 11 jioni kipindi hicho, katikati kabisa ya mchezo wetu. Miezi mingine saa zao zinasogea mbele na mechi za Jumamosi zinaanza kwetu saa 11. Hapo tunagongana nusu mechi. Jumapili tungegongana tangu kipenga cha kwanza.

Hili linaniuma kwa sababu moja zaidi. Waingereza wenyewe wanawalinda watazamaji wa timu zao ndogo. Tangu miaka ya 1960, mwenyekiti wa Burnley, Bob Lord, alipowashawishi wenzake, Jumamosi kati ya saa 8 na dakika 45 na saa 11 na robo za huko hakuna mpira unaorushwa moja kwa moja kwenye televisheni nchini mwao. Kwao mechi hizo hazionekani ili mtu aende kiwanja cha karibu. Kwetu zinaonekana, na kiwanja cha karibu kinabaki kitupu. Hatuna mamlaka ya kuzima televisheni ya mtu. Saa ya kupiga kipenga iko mikononi mwetu.

Wanaopinga Jumamosi wana watu wao pia. Mfanyakazi wa hoteli hapa Malindi hana wikendi msimu wa wageni, mapumziko yake ni Jumanne au Jumatano. Wasabato hawachezi Jumamosi kabla ya jua kuzama, na timu yenye vijana wawili watatu wa namna hiyo inaumia. Kwa hao sina jawabu kamili. Kiwanja chenye mechi mbili kwa wiki, ya pili ipangiwe Jumapili saa 10, na timu yenye Wasabato ipewe Jumapili kila inapowezekana. Gharama ya marefa itaongezeka, sikatai. Lakini kiingilio cha watu arobaini chini ya mwarobaini hakijawahi kulipa refa hata mmoja.

Usiku? Zanzibar wanaweza. Kombe la Mapinduzi limechezwa mara nyingi chini ya taa za uwanja wa Amaan na watu wanajaa. Viwanja vyetu vingi havina taa, na jenereta ya kuwasha nguzo nne inakula mafuta ya msimu. Watu wa Lamu, zaidi ya hayo, hawajasahau Julai 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, walipoamriwa kuwa ndani kuanzia saa 12 na nusu jioni. Usiku nauachia Ramadhani tu, kwa bonanza za mitaani baada ya Taraweh. Mwaka 2026 Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na kumtaka aliyefunga saumu acheze ligi saa 10 katika joto lile ni dhuluma. Ligi ipumzike mwezi huo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya timu ya Lamu. Kutoka Malindi hadi Mokowe, kwa Garsen na Witu, ni zaidi ya kilomita 200, kisha kuna boti ya kuvuka kwenda kisiwani. Mpira ukiisha saa 12 kasoro, hawarudi usiku huo. Saa 8 iliwafaa kidogo, na ndiyo maana saa 9 nimeiweka akiba kwa ajili yao wakisema ni lazima wasafiri. Vinginevyo, Jumamosi inawapa Jumapili nzima ya kurudi mchana, na linalobaki ni malazi ya usiku mmoja kwa watu ishirini na kitu.

Hilo nililiuliza kwa kocha wa hapa, akacheka. “Shela ya Lamu na Shela ya Malindi ni jina moja, wewe unadhani kwa nini? Nusu ya wale vijana wana shangazi hapa.” Akaanza kunihesabia nyumba: ya kwanza nyuma ya msikiti vijana watatu, ya pili wanne, na ya nyanya yake, yenye ukumbi mkubwa, sita.