Kukabidhiana ofisi si kupeana funguo tu

Hongera kwa mwenyekiti na katibu wapya wa chama cha wanasayansi wa ziwa hapa Kigoma. Habari iliyotangaza uongozi huu mpya imesema kuapishwa kumekwisha na safari ya kwanza ya kupima maji imefanyika, ila haijagusa makabidhiano. Benki haibadilishi watia saini kwa maneno: itataka muhtasari wa mkutano wenye majina na saini za waliohudhuria, barua ya chama, na vitambulisho. Nywila za barua pepe na daftari la vipimo navyo vikabidhiwe kwa maandishi. Mara nyingi vinaondoka na katibu wa zamani, wala si kwa ubaya.

Sasa hiyo safari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha oksijeni kikisetiwa kama kiko Dar es Salaam, kitasoma juu kwa karibu asilimia 9. Kiwekeeni shinikizo la hewa la Kigoma kabla ya kushuka mwaloni.

Kuna na kamba ya kushushia kipimo majini. Upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, unasukuma boti na kamba inalala. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima, mita 100 za kamba zinakupa kina cha mita 87 tu. Upande huu wa kaskazini oksijeni huishia karibu na mita 100, kwa hiyo hizo mita 13 zilizopungua zinatosha kuwafanya muandike kwamba maji yenye hewa yameshuka, kumbe ni kamba imepinda. Fungeni uzito wa kutosha, na pembe iandikwe kila kituo.