Ahadi ya Wale Waliozikwa Babeli

Kwa miaka mingi Yeremia 29:11 ilikuwa andiko langu la haraka. Mahafali, harusi, mkesha wa mwaka mpya: popote nilipoombwa kusema neno na sikuwa nimejiandaa vya kutosha, nilifungua hapo. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nikishasoma, nilimpa kila mmoja fungu lake: Mungu ana mpango na wewe, na kazi yako, na ndoa yako, na mwaka huu unaouanza. Watu waliitika amina kwa nguvu, nami nilirudi kuketi nikiamini nimewalisha.

Aliyenisimamisha ni mama mmoja mzee, aliyekuwa mshirika wa kanisa letu tangu kabla sijaitwa kulichunga. Alisubiri watu wapungue, akanijia na Biblia yake ikiwa bado wazi. "Mchungaji, mstari wa kumi unasema miaka sabini," akaniambia. "Sasa wale waliokufa kabla ya hiyo sabini kutimia, ahadi yao ilikwenda wapi?"

Nilimwambia, "Mama, nipe muda nikasome." Nakiri kwamba nilikuwa nimehubiri mstari wa 11 mara nyingi kuliko nilivyousoma mstari wa 10.

Usiku ule nilisoma sura nzima ya 29, nikarudi nyuma hadi ya 27. Ile ni barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, ikapelekwa Babeli mikononi mwa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alikuwa amemchukua mfalme Yekonia pamoja na mama yake, wakuu wa Yuda, mafundi na wafua chuma. Hekalu bado lilikuwa limesimama. Lingechomwa baadaye, mwaka 586 KK. Kwa hiyo mateka wale walikuwa na sababu ya kuamini kwamba mambo yangenyooka upesi. Walioitwa mateka ni watu wenye ujuzi, watu waliozoea kuhitajika, na sasa wanaishi kwa kusubiri.

Tumaini lao lilikuwa na mhubiri. Sura ya 28 inatuonyesha Hanania akisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudishwa na mateka wote watarejea. Akaiondoa nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, akaivunja watu wakitazama. Kinachonigusa ni jibu la kwanza la Yeremia, kabla ya nira kuvunjwa. Alisema, "Amina." Alitamani iwe kweli. Alikuwa na ndugu kule Babeli naye, na hakuna mtu mwenye moyo anayefurahia kuwaambia wenzake kwamba safari bado ni ndefu. Lakini Mungu hakuwa amesema miaka miwili, na Yeremia hakukubali kumsemea Mungu asichosema. Mwaka huo huo, katika mwezi wa saba, Hanania alifariki.

Nilipofika hapo nilifunga Biblia kwa muda. Nilijiuliza ni mara ngapi nimesimama upande wa Hanania bila kujua. Sikuwahi kuvunja nira ya mtu hadharani. Lakini kila ninapomwambia mtu aliyekata tamaa kwamba "kabla ya mwaka huu kwisha Mungu atafanya," na Mungu hajaniambia hivyo, nimempa miaka miwili ya Hanania. Naye akifika mwisho wa mwaka na hakuna kilichotokea, hatanilaumu mimi. Atailaumu imani yake mwenyewe, au atamlaumu Mungu. Hili naliona kuwa kosa zito kuliko tunavyokiri sisi tunaosimama madhabahuni, na limeenea mno katika makanisa ya siku hizi.

Barua yenyewe inasema nini basi? Jengeni nyumba, mkakae ndani yake. Kapandeni bustani, mkale matunda yake. Oeni, zaeni, waozeni watoto wenu, mkaongezeke huko wala msipungue. Miaka 70 itatimia kwanza kwa Babeli, ndipo Bwana atakapowajilia. Kijana aliyechukuliwa mateka mwaka 597 KK akiwa na umri wa miaka 20 alikuwa akikaribia miaka 80 Babeli ilipoanguka mbele ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK. Mama yule alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Wengi waliosikia mstari wa 11 ukisomwa kwa mara ya kwanza walizikwa katika nchi ya ugeni. Ndiyo maana barua haikupokewa vizuri na kila mtu. Shemaya, mmoja wa mateka, aliandika Yerusalemu akitaka kujua kwa nini Yeremia hajakemewa kwa kusema kwamba uhamisho utakuwa wa siku nyingi.

Ahadi ipo, lakini tazama imeandikiwa nani. Lugha yetu imetuhurumia hapa: Kiswahili hakiwezi kuficha wingi. "Ninawawazia ninyi." "Kuwapa ninyi." "Siku zenu." Mara zote hizo, nami kwa miaka mingi nilisoma "ninyi" nikahubiri "wewe". Mungu alikuwa akisema na taifa, na watoto ambao hawajazaliwa, na wajukuu wa wale waliokuwa wakilia. Mtu mmoja mmoja alikuwamo ndani ya "ninyi" ile, ndiyo, kama tawi lilivyo ndani ya mti. Hakuambiwa kwamba mti mzima umepandwa kwa ajili yake.

Kisha kuna neno "amani". Mstari wa 11 unataja mawazo ya amani, na mara nyingi tunaishia kufikiri ni utulivu wa moyo. Lakini rudi mstari wa 7, wa barua ile ile: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Katika Kiebrania ni neno moja, shalom, mistari yote miwili: uzima, ustawi, mambo kukaa mahali pake. Amani ambayo Mungu anaiwaza juu yao imefungwa pamoja na amani ya jirani zao. Na majirani hao ni nani? Ni watu wa mji ule ule ambao jeshi lake liliwatoa makwao. Naamini hakuna agizo katika barua ile lililokuwa gumu kumeza kama hili. Kupanda bustani mtu angeweza hata akiwa na uchungu. Kumwombea Mbabeli mvua na afya na biashara njema, akimaanisha, hapo ndipo moyo ulipotakiwa kugeuzwa.

Haya yamebadilisha namna ninavyozungumza kuhusu kusudi. Vijana wananijia wakiwa wamechoka. Wamesikia kwamba kila mtu amezaliwa na kusudi moja kubwa, kwamba likikupita maisha yako yamekwenda bure, na kwamba dalili ya kulipata ni milango kufunguka. Dada mmoja alilia mbele yangu kwa sababu alikuwa akimuuguza baba yake kwa mwaka wa tatu na wenzake "wanatembea katika kusudi lao". Alidhani amesimamishwa pembeni. Nilimsomea ile barua. Nilimwambia kwamba anachokifanya kwa baba yake ni kile kile kilichoandikwa pale: ukae katika nyumba uliyo ndani yake, ulime kilichopo, utake mema ya walio karibu nawe. Yeye mwenyewe alikuwa akikiita kikwazo cha wito wake.

Paulo anapoandika Warumi 8:28 anasema tumeitwa "kwa kusudi lake". Lake. Mstari unaofuata unalitaja kusudi lenyewe: tufananishwe na mfano wa Mwana wake. Kusudi hilo halimpiti mtu kwa kukosa nafasi. Unaweza kufanana na Kristo ukiwa meneja, ukiwa umefukuzwa kazi, ukiwa kitandani huwezi kugeuka mwenyewe. Sisemi kwamba vipawa havina maana, au kwamba kijana asichague masomo kwa makini na kuomba kwa bidii. Aombe. Lakini mtume mwenyewe hakuwa na ramani. Katika Matendo 16 alikatazwa na Roho kulihubiri neno katika Asia, akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena, akashuka hadi Troa bila kujua kitakachofuata. Aliwaandikia Warumi kwamba atapita kwao akienda Hispania, na Agano Jipya halituambii kama alifika. Katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni na akijua wakati wa kufariki kwake umefika, anaomba aletewe joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu wa wito mkubwa namna ile alimaliza mwendo akihitaji nguo nzito na kitu cha kusoma. Nikisoma pale nampenda Paulo zaidi.

Kuhusu kufundisha Biblia nina ombi kwa wachungaji wenzangu, na nalisema kwa upendo. Namba za mistari tunazozitumia zilipangwa na mchapaji Robert Estienne, aliyetoa Agano Jipya lenye namba hizo mwaka 1551. Elasa na Gemaria hawakubeba mstari wa 11. Walibeba barua, nayo ilisomwa kama barua zinavyosomwa, kutoka juu hadi chini, mabaya na mazuri yakija kwa zamu. Tuwasomee watu sura nzima. Inachukua dakika chache. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, na mama yule aliponijia na Biblia wazi alikuwa mtu wa Beroya. Kuna wachungaji wangeona amevunja heshima. Mimi namshukuru Mungu kwamba hakunyamaza.

Lakini swali lake bado nilikuwa nalo. Wale waliokufa, ahadi yao ilikwenda wapi?

Nilianza na Ezra. Sura ya pili inahesabu waliorudi, watu 42,360, bila watumishi wao. Sura ya tatu inasema msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kupambanua kelele za furaha na sauti ya kilio. Kwa hiyo wachache walifika. Hilo halikuwa jibu la swali lake. Yeye hakuuliza habari za wachache waliofika.

Nikaenda Waebrania 11, "hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakiziona tokea mbali na kuzishangilia." Hapo nilianza kusikia kitu. Kisha nikamkumbuka Danieli. Alichukuliwa akiwa kijana. Katika sura ya 9 ni mzee, na anasema kwamba kwa kuvisoma vitabu alifahamu hesabu ya miaka aliyoambiwa Yeremia, miaka 70. Mzee huyu amesoma maneno ya Yeremia, ameona muda umekaribia, na anachofanya ni kufunga, kuvaa gunia na kuomba. Ukiisoma sala ile utaona hajiombei arudi. Anasema "tumefanya dhambi", "usikie", "mji wako", "watu wako". Ameishi maisha yake yote ndani ya ile "ninyi" ya barua. Amewatumikia wafalme wa nchi ya ugeni kwa uaminifu, na sala yake bado inaelekea Yerusalemu. Katika mwaka wa tatu wa Koreshi, ruhusa ya kurudi ikiwa imekwisha kutolewa, Danieli 10 inamkuta bado yuko kando ya mto Hidekeli. Biblia haisemi popote kwamba alirudi.

Kitabu chake kinafungwa na neno aliloambiwa yeye peke yake, na safari hii ni "wewe" kweli. Nililiandika kwenye karatasi nikaenda nalo kwa mama yule wiki iliyofuata. Alikuwa ameketi nje, mguu wake ulikuwa umevimba. Nilimwambia nimechelewa lakini nimesoma. Nikamsomea Danieli 12:13: "Lakini enenda zako hata utakapokuwa mwisho ule, maana utastarehe, nawe utasimama katika kura yako mwisho wa siku hizo."

Alinyamaza kidogo. Mume wake alikuwa amefariki zamani, na mtoto wake mmoja pia, na wote wawili waliombewa sana na kanisa letu, nami nikiwa mbele nikiwatamkia uponyaji.

"Atasimama," akasema.

"Ndiyo, Mama. Atasimama."

Akaniomba nimsomee tena, polepole.