Ukanda wa nyasi mbele ya nyumba ya kupanga Uingereza: nani alipe?

Vitongoji vingi vya England vina ukanda wa nyasi kati ya barabara na uzio wa nyumba. Tangazo linasema nyumba ina maegesho, picha inaonyesha sakafu ya zege inayotosha gari moja, mpangaji anatia saini. Akishahamia ndipo anaona jiwe la ukingo wa barabara halijashushwa ili gari lipande, au anapokea barua ya mtu asiyemjua inayomdai ada ya mwaka kwa kukatiza nyasi zile. Watu wetu wengi walioko kule wanahudumia wazee majumbani, na bila gari zamu ya alfajiri haifikiki. Kwa hiyo wanalipa upesi, yaishe.

Naona wanakosea mara mbili. Wanalipa kabla ya kujua nyasi ni za nani, na wanagharamia kitu kitakachobaki ardhini wao wakishahama.

Suala la umiliki ndilo linaloamua karibu kila kitu. Nyasi zile zinaweza kuwa hifadhi ya barabara, yaani sehemu ya barabara ya umma. Zinaweza kuwa za idara ya nyumba ya halmashauri, za kampuni iliyojenga mtaa, au za mtu binafsi. Mara chache ni ardhi ya jamii iliyosajiliwa, na hiyo ina sheria zake. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kuona halmashauri inafyeka si ushahidi wa lolote. Iandikie idara ya barabara ya halmashauri (palipo na ngazi mbili za halmashauri, ni ile ya kaunti) uombe ramani inayoonyesha mpaka wa barabara ya umma mbele ya namba ya nyumba yako. Kisha ingia kwenye tovuti rasmi ya HM Land Registry, yaani masjala ya ardhi ya serikali, ununue nakala ya rejista ya kiwanja husika na ramani yake, pauni 7 kila moja kwa bei iliyoanza Desemba 2024. Tovuti za madalali huuza karatasi hizohizo kwa bei ya juu zaidi.

Hapa pana mtego. Mtu anaweza kuwa na hati ya ardhi ambayo tayari ni barabara ya umma. Kwa sheria ya barabara ya mwaka 1980, tabaka la juu la barabara inayotunzwa na serikali liko mikononi mwa mamlaka ya barabara, na mwenye hati amebaki na udongo wa chini tu. Mwenye nyumba inayopakana na barabara ana haki ya kuingia barabarani, na mwenye hati hawezi kumtoza kwa kuitumia. Akikutumia nakala ya hati yake, mjibu kwa ramani ya halmashauri.

Lakini hifadhi ya barabara kuwa ya umma hakumaanishi uipande na gari upendavyo. Kifungu cha 184 cha sheria hiyohiyo kinaipa mamlaka uwezo wa kutoa notisi kwa mwenye nyumba pamoja na mkaaji wake, pale gari linapokatiza mara kwa mara nyasi au njia ya miguu yenye jiwe la ukingo ambapo hapajajengwa kivuko, yaani njia ya gari kutoka barabarani hadi kwenye uwanja wa nyumba. Mamlaka inaweza kujenga kivuko yenyewe na kudai gharama. Neno "mkaaji" ndilo linalomgusa mpangaji: barua itakuja kwa jina lako hata kama hukuwahi kugusa koleo. Usilale nayo. Mpelekee mwenye nyumba nakala siku hiyohiyo kwa barua pepe, ili tarehe ibaki.

Halmashauri hukataza magari kwenye nyasi kwa sababu za msingi. Majira ya baridi udongo wa mfinyanzi unashiba maji, na magurudumu yanachimba mitaro miwili ambayo haijifuti hadi kiangazi. Vifuniko vya valvu za maji vinavunjika. Nyaya za simu na intaneti mara nyingi zimelazwa kina cha sentimita 25 hadi 35 tu. Na vile vipande vya mbao au raba watu wanavyoweka kwenye mfereji wa kando ya barabara ili gari lipande, ni hatari tupu: vinazuia maji ya mvua, halmashauri inaviondoa, na mwendesha baiskeli akianguka juu yake, dai la fidia linamfuata aliyeviweka.

Njia halali ni kujenga kivuko. Kwenye tovuti ya halmashauri tafuta "dropped kerb" au "vehicle crossover". Kwa kawaida jiwe la ukingo lenye kimo cha sentimita 10 hadi 12 hushushwa libaki milimita 25 juu ya lami. Mawe haya yana urefu wa milimita 915, kwa hiyo kivuko cha mawe manne bapa, na moja la mteremko kila upande, kinachukua karibu mita 5.5 za ukingo. Nyasi zinaondolewa, panachimbwa sentimita 25 hivi, inawekwa kokoto iliyoshindiliwa ya milimita 150, kisha tabaka mbili za lami. Ukanda ukiwa na upana wa mita 3, gharama inaliacha mbali eneo lenye njia ya miguu pekee. Hesabu ya kawaida ni kati ya pauni 1,000 na 3,000, na inaweza kuruka zaidi ikiwa kuna nguzo, mti au nyaya za kuhamishwa, kwa kuwa bei ya kuhamisha nyaya inapangwa na kampuni ya mtandao na analipa mwombaji. Fundi wa mtaani haruhusiwi kuchimba hapo. Kazi hufanywa na halmashauri au mkandarasi iliyemwidhinisha.

Maombi hukwama kwa mambo ambayo mpangaji angeweza kuyapima mapema kwa futi kamba. Halmashauri nyingi hutaka uwanja wa mbele uwe na kina cha mita 4.8 au 5, gari lisijitokeze kwenye njia ya miguu. Barabara ikiwa ya daraja A, B au C, kibali cha mipango miji kinahitajika juu ya kile cha barabara. Nyumba ikiwa imegawanywa kuwa fleti, nayo mara nyingi huhitaji kibali hicho. Na tangu Oktoba 2008, kumwaga zege isiyopitisha maji kwenye bustani ya mbele kwa zaidi ya mita za mraba 5 kunahitaji kibali pia, isipokuwa maji yaelekezwe kwenye udongo wa kiwanja hichohicho. Juu ya yote, halmashauri nyingi hazipokei maombi ya mpangaji bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Kikishajengwa, kivuko ni sehemu ya barabara ya umma: umelipa wewe, thamani imeongezeka kwenye nyumba ya mwingine.

Nyasi zikiwa kweli za mtu binafsi, au za idara ya nyumba ya halmashauri nje ya mpaka wa barabara, mambo yanabadilika. Mmiliki anaweza kudai malipo. Kuna leseni, ambayo hulipiwa kila mwaka na inaweza kufutwa, na kuna haki ya kudumu ya kupita, ambayo hulipiwa mara moja na kuandikwa kwenye rejista ya ardhi. Kuhusu bei, wapimaji wanapenda kuitaja kesi ya Stokes dhidi ya Cambridge ya mwaka 1961, ambapo mwenye kipande cha ardhi kilichoziba njia alihesabiwa theluthi moja ya ongezeko la thamani ya ardhi iliyohitaji njia hiyo. Ile ilihusu ardhi ya kuendelezwa. Si fomula ya kumtoza mtu anayeegesha gari dogo la Toyota.

Kabla mwenye nyumba hajalipa, aulize njia hiyo imetumika miaka mingapi. Kupita waziwazi kwa miaka 20, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, kunaweza kuzaa haki ya kupita. Kesi ya Bakewell dhidi ya Brandwood ilihusu wakazi wa Newtown Common huko Hampshire waliokuwa wakiendesha magari miaka mingi juu ya ardhi ya jamii, kisha mmiliki mpya akataka walipe. Bunge la malord, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, likaamua mwaka 2004 kwamba matumizi ya muda mrefu yaliweza kuwapa haki, ingawa kuendesha gari pale bila ruhusa ya mmiliki kulikuwa kosa. Haki ya namna hii inaingia kwenye umiliki wa nyumba, si mfukoni mwa mpangaji. Ndiyo maana mpangaji asitie saini leseni yoyote ya nyasi peke yake: kuomba ruhusa kunaweza kukata hesabu ya miaka ile na kumharibia mwenye nyumba dai lake, halafu lawama zije kwako.

Sasa mkataba wa pango. Kwa England, sheria ya ada za wapangaji ya mwaka 2019 inataja malipo yanayoruhusiwa: kodi, dhamana, umeme, maji na mengine machache. Kisichotajwa ni marufuku, hata kama unaambiwa umlipe mtu wa tatu. Ikiwa maegesho ni sehemu ya nyumba uliyopangishwa, wakala hawezi kuongeza mstari wa "ada ya kupita kwenye nyasi" kando ya kodi. Anachoweza ni kuiingiza kwenye kodi yenyewe, ambayo unaiona na kuilinganisha na nyumba nyingine kabla ya kusaini. Huo ndio utaratibu ninaoutetea: mwenye nyumba alipe leseni au kivuko, arudishe kupitia kodi.

Mwenye nyumba akikwambia ujenge mwenyewe, piga hesabu. Pauni 1,800 kwa miezi 12 ni pauni 150 kila mwezi juu ya kodi. Na kwa sheria mpya ya upangaji, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika ni 1 Mei 2026, akitaka kuuza nyumba au kuhamia mwenyewe, baada ya mwaka wa kwanza anaweza kuirudisha kwa notisi ya miezi minne. Ukiamua kuchangia hata hivyo, pata maandishi yenye vitu vitatu: kiasi ulichotoa, muda ambao kodi haitapandishwa, na kiasi utakachorudishiwa kwa kila mwezi uliobaki ukitolewa mapema. Akikataa kuandika, egesha barabarani panaporuhusiwa. Ila ukiwa London angalia magurudumu: kugusa nyasi au njia ya miguu ni faini isipokuwa pale palipo na alama ya ruhusa.